Dereva au kampuni? Tupige hesabu kwanza

Jamani, hapa Yeoville bado tunaambiwa, "Dereva ni mtu wetu, anachukua randi 100 tu." Ni kweli, kwa randi 5,000 kampuni inatukata 350. Lakini je, hiyo 100 ndiyo gharama yote?

Howard Raiffa, aliyetoa kitabu cha uchambuzi wa maamuzi mwaka 1968, alifundisha kuchora mti: kila njia tawi lake, na kila linaloweza kutokea na uwezekano wake. Sisi wanachama tulichora nyuma ya daftari la michango. Kazi ilikuwa kuupata huo uwezekano, maana watu hukumbuka hela zilizofika. Tukafunua kurasa za zamani: mara 24 tulimpa dereva, mara 3 hela iliishia kati ya Park Station na Tunduma, kila mara na hadithi yake. Moja kwa nane. Gawa 5,000 kwa 8, ni 625. Ongeza 100 yake. Kwa wastani anatugharimu 725 kila safari!

Asiye na karatasi tunamwelewa, kampuni haimpokei. Yeye atume kidogo kidogo, zisipotee zote siku moja.

Wenzetu wawili wanasema ilikuwa bahati mbaya. Haya, tumsamehe moja, zibaki 2: bado inapita 500. Ingekuwa moja tu, dereva angeshinda. Ila ada ya Januari hata hapo tusingempa, maana ikipotea mtoto anarudishwa nyumbani.