Mjomba alidhani ng'ombe amesakamwa na parachichi

WAPENZI wa kandanda wanaijua Kinoru kwa sababu ya uwanja wake wa michezo. Mimi naijua kwa maziwa. Tangu nikiwa mtoto wa shule, likizo ya Desemba nilipelekwa kwa mjomba wangu, mwenye kipande kidogo cha shamba pembeni mwa mji wa Meru: migomba michache, miparachichi miwili na ng'ombe wa gredi anayelishwa zizini.

Mwaka mmoja nilifika nikiwa mtu mzima, na chai ilikuwa kavu. Ng'ombe alikuwa amepunguza maziwa ghafla na kukataa nepia. Alisimama shingo kainyoosha, ute ukimdondoka hadi kwenye kihori, akilia kwa sauti ya kukwaruza kama mtu aliyeshinda akihubiri sokoni.

"Amemeza parachichi zima," mjomba akasema. Kwa mfugaji wa huko, hilo ndilo jambo la kwanza kufikiria, maana hutokea. Akakunja shati, akaingiza mkono kinywani mwa ng'ombe hadi karibu na kiwiko, akapapasa kooni. Hakukuwa na parachichi. Mkono ulitoka umelowa ute, na vidole vyake, kama vya kila akataye nepia, vilikuwa na mikwaruzo.

Siku mbili baadaye miguu ya nyuma ililegea. Siku ya nne ng'ombe alikufa, na kabla ya saa sita mchana majirani walikuwa wamefika na visu na ndoo. Sikuwalaumu. Nyama ni ghali, na mwenye ng'ombe alitaka angalau apate chochote.

Aliyewazuia ni mke wa mjomba. Alikumbuka mbwa asiyejulikana aliyeingia zizini majuma kadhaa nyuma na kumrukia ng'ombe usoni. "Hakuna mtu atakayekata hapa mpaka daktari wa mifugo aje," akasema, na kusimama mlangoni pa zizi.

Msomaji, ikiwa una jamaa mashambani, jambo hili lakuhusu. Sisi wa mjini tukisikia kichaa cha mbwa twamfikiria mbwa mwenye povu anayefukuza watoto. Hatumfikirii ng'ombe. Lakini virusi hivyo huweza kumwingia mnyama yeyote anyonyeshaye: ng'ombe, mbuzi, punda, hata ngamia. Virusi hupita kwenye mishipa ya fahamu polepole, kwa majuma au hata miezi, hadi kwenye ubongo, kisha hushuka kwenye tezi za mate. Kumeza humshinda mnyama, na ndiyo maana ute humwagika na mwenyewe akadhani kuna kitu kimekwama. Wako wengine huwa wakali na kupiga kuta kwa pembe. Wengine hunyamaza tu na kupooza.

Tatizo ni kwamba dalili hizo peke yake hazithibitishi kitu. Kipimo cha damu nacho hakisaidii. Ushahidi uko ndani ya ubongo, na huchukuliwa mnyama akishakufa. Kwa hiyo kumpiga ng'ombe shoka la kichwa ili "apumzike" ni kuharibu kile kile ambacho maabara inahitaji. Daktari huchukua kichwa, au hupitisha mrija kwenye tundu la nyuma ya fuvu na kutoa kipande cha ubongo, kikahifadhiwa kwenye barafu. Safari inayofuata si fupi. Maabara kuu ya mifugo iko Kabete, zaidi ya kilomita 200 kutoka Meru, ingawa kuna maabara nyingine ya uchunguzi huko Karatina.

Zamani wataalamu walitafuta vidoadoa alivyovigundua Mwitaliano Adelchi Negri mwaka 1903 ndani ya chembe za ubongo, lakini wanyama wengi wagonjwa hawakuonyesha vidoa hivyo. Siku hizi ubongo hupakwa kwenye kioo na kutiwa kingamwili zenye rangi maalumu, ambazo hunata kwenye virusi vya kichaa tu. Ukitazama kwa hadubini yenye taa yake, virusi hung'aa kijani. Jibu laweza kupatikana siku hiyo hiyo. Kuna pia njia nyingine inayotumia hadubini ya kawaida, ambayo imejaribiwa Tanzania na inafaa mahali pasipo na vifaa vya gharama.

Daktari wa hospitali hakungoja jibu hilo. Aliyeguswa na ute penye mkwaruzo huoshwa kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha huanza sindano za chanjo mara moja, kwa ratiba ya majuma kadhaa. Dalili zikishamtokea mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Mjomba alichomwa, na kijana aliyekamua alichomwa pia. Jibu lilipokuja, ng'ombe alikuwa na kichaa. Fikiria kama majirani wangepasua kile kichwa kwa mikono mitupu.

Na maziwa tuliyokunywa? Nililala usiku ule nikijiuliza hivyo. Haijathibitishwa kwamba mtu amewahi kuambukizwa kwa kunywa maziwa, na kuyachemsha huviua virusi. Hata hivyo, maziwa ya ng'ombe mgonjwa humwagwa, na nyama yake haigawanywi.

Pale Kinoru kulizuka ubishi mwingine. Wazee walisema yule hakuwa mbwa bali mbweha kutoka Msitu wa Imenti. Ubishi kama huu ndio unaoamuliwa na uchunguzi wa jeni. Wanafunzi wataelewa upesi. Mwalimu huandika ubaoni, mmoja ananakili na kukosea neno moja. Mwingine anamnakili huyo na kuongeza kosa lake. Ukikusanya madaftari, makosa yenyewe yatakuonyesha nani alimwibia nani. Virusi vya kichaa vina maandishi ya herufi kama 12,000 hivi, na kila vinapozaana makosa machache huingia. Ukisoma virusi vya ng'ombe na kuvilinganisha na vya wanyama wengine, utaujua ukoo wake.

Watafiti walifanya hivyo eneo la Serengeti, Tanzania. Walikuta aina moja ya virusi ikizunguka kwa mbwa, mifugo na wanyama wa porini, na wakahitimisha kwamba mbwa wa nyumbani ndio wanaoudumisha ugonjwa. Ng'ombe hupokea tu. Ni nadra sana aupitishe kwa mwingine. Basi mbweha wa Imenti hata akiuma, huenda naye aliupata kwa mbwa.

Kisiwani Pemba hesabu hiyo ilifika mbali zaidi. Kulikuwa na koo tano za virusi kuanzia 2010, na chanjo ya mbwa ya kila mwaka ilizimaliza zote kufikia Mei 2014. Chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ulirudi, na jeni zilionyesha kwamba haukuwa masalio ya zamani, bali umeingizwa upya mara mbili. Mbwa wakachanjwa tena, na Oktoba 2018 ukaisha. Huku kwetu, mashine ndogo za kusoma jeni, zinazoshikika kwa mkono mmoja, zimeshatumiwa kwa kichaa cha mbwa Kenya na Tanzania pia.

Kenya iliuthibitisha ugonjwa huu mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja nje ya Nairobi. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na mbwa kufikia 2030. Kinachohitajika ni kuchanja mbwa 7 kati ya kila 10, mwaka baada ya mwaka. Kwa maoni yangu, ng'ombe mmoja asiyepimwa huharibu hesabu hiyo, maana hakuna ajuaye kwamba ugonjwa umefika kijijini.

Mjomba alinunua mtamba mwingine. Mbwa wake wawili wana kadi za chanjo, zimetundikwa ukutani chini ya kalenda. Mbwa wa jirani, yule anayepenya uani kila jioni akitafuta maganda, hana.