Umio si Koo: Deni Letu kwa Watafiti wa Tenwek

Mjomba wangu alipoanza kukwamwa na chakula, alikwenda kwenye zahanati moja akasema kwamba koo lilimsumbua. Akapewa dawa ya kikohozi. Aliporejea, alipewa ileile. Ugali ulikuwa umemshinda tayari. Baadaye wali nao ukamshinda, kisha uji. Kufikia siku alipopimwa kwa kamera, hata maji aliyameza kwa kuyavizia. Uvimbe ulikuwa kwenye umio, chini kabisa ya pale alipokuwa akimulikwa kwa tochi. Simlaumu mhudumu peke yake. Neno lenyewe lilimpoteza.

Nilimkumbuka mjomba niliposoma kuhusu kazi za Dkt. Russell White, daktari mpasuaji wa hospitali ya Tenwek, Bomet. Mpasuaji mwingine angetosheka kupasua. Huyu alihesabu pia. Mwaka wa 2002, yeye na wenzake walitangaza katika jarida la Lancet kwamba saratani ya umio ilikuwa ya kawaida miongoni mwa vijana wa Bomet, ilhali kwingineko duniani maradhi haya aghalabu huwapata wazee. Kwa kuwa wagonjwa wengi walifika wakiwa wamechelewa mno kufaidi upasuaji, aliwatilia stenti, yaani bomba la waya linalojitanua lenyewe ndani ya umio, ili wapate walau kula. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka wa 2009. Bomba hilo haliponyi. Humrudishia mgonjwa mlo wake kwa muda aliojaliwa.

Lililonigusa zaidi ni hatua iliyofuata, ya kuwatafuta wasiougua. Mwaka wa 2016, kundi lililoongozwa na Dkt. Michael Mwachiro, mpasuaji Mkenya wa hospitali hiyohiyo, lilichapisha uchunguzi wa watu 305 wasiokuwa na dalili yoyote. Umio hupakwa majimaji ya aidini. Sehemu yenye siha hugeuka rangi ya kahawia, iliyoanza kuharibika ikabaki bila kushika rangi. Takriban watu 14 katika kila 100 walikuwa na mabadiliko yanayoweza kutangulia saratani. Tafakari, msomaji: watu hao walikuwa wakila na kunywa bila shaka yoyote!

Sasa, haya yote yameandikwa kwa Kiingereza, nasi wanafunzi wa Kiswahili tunayatazama kana kwamba si yetu. Ni yetu. Utafiti wa aina hii huanza kwa maswali, na maswali ni lugha. Mwaka wa 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 yamkini husababisha saratani ya umio. Haya, mwulize Mkenya iwapo hunywa chai moto. Nani atakayekana? Kumwandalia mgeni chai ya vuguvugu ni kumfukuza! Anayeuliza hana budi kutofautisha chai ya moto, ya moto sana na ya kuunguza ulimi, na kazi hiyo ya kupima maneno haifundishwi katika vyumba vya upasuaji.

Kuna watakaosema kwamba mgonjwa wa Bomet huzungumza Kipsigis, hivyo Kiswahili hakina lake hapo. Hoja hiyo ina uzito, na Kipsigis kinastahili kuandikiwa vilevile. Hata hivyo, muuguzi huenda ametoka Kakamega na daktari Machakos. Hukutana na mgonjwa katika Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Tuna neno umio, limo kamusini, lakini matangazo huendelea kusema "saratani ya koo", jina ambalo humfanya mtu ashike shingo ilhali maradhi yako kifuani. Chama chetu huandaa makongamano kila mwaka kujadili istilahi. Safari hii tuandae ukurasa mmoja tu, wenye mchoro, tuupeleke kwa madaktari wausahihishe, kisha ubandikwe kwenye kuta za zahanati. Swali la kwanza juu ya ukurasa huo liwe lile ambalo mjomba hakuulizwa: "Ukimeza, chakula hukwama wapi? Nionyeshe kwa kidole."