Kalkulasi nayo ni somo letu

Kila semesta ya pili wenzangu wa lugha huuliza: "Kalkulasi itatusaidia nini?" Swali ni la haki, maana anayeanguka kozi hiyo hubaki na deni la krediti, na mzigo hurudi kwa mzazi. Wengine wanataka ifutwe. Mimi ninapinga, ila ninaomba mifano ibadilishwe.

Tunapewa gari linaloongeza mwendo na kiwanda kinachotafuta faida. Hiyo iwafae wenye kazi hizo. Sisi tunashinda na matini, na matini ina hesabu yake.

Soma kitabu chochote ukiandika kila neno jipya. Kurasa za mwanzo zitajaza daftari. Baadaye maneno mapya yatapungua, ingawa hayakomi. Tuseme idadi ya maneno tofauti ni kipeuo cha pili cha urefu wa matini, mara 10. Matini ya maneno 10,000 itakupa maneno tofauti 1,000. Ya 40,000 itakupa 2,000 tu. Ulipofika 10,000, kila maneno 100 yalikuwa yakileta mapya kama 5. Ukifika 40,000 yanaleta kama 2 na nusu. Kupata kasi hiyo ya mabadiliko ndiyo kazi ya kalkulasi. Mtunga kamusi akiijua, anajua wakati wa kuacha matini moja na kutafuta nyingine.

Hata istilahi si ngeni. Kifaransa hutumia neno moja, dérivation, kwa vitenzi na kwa hesabu. Sisi hunyambua piga tukapata pigia na pigana. Mwanahesabu huanza na umbali, akapata mwendokasi. Kazi hizo hazifanani kabisa, lakini mlango wa kuingilia upo.

Wapo watakaosema takwimu zingetosha. Lakini ule mchoro wa kengele ambao takwimu huutegemea husomwa kwa eneo lililo chini ya mstari wake, na eneo hilo hupatikana kwa kalkulasi.

Basi walimu wa hesabu na wa isimu wakae meza moja, waandae mazoezi kumi tu kutoka matini za Kiswahili. Na katika mtihani, mwanafunzi atakiwe kueleza kwa sentensi jibu lake lina maana gani. Hapo hata sisi wa lugha tutakuwa na pa kuanzia.