Tusiziogope Namba za Modemu

Sisi wa Kariobangi tuna mafundi hodari pale Light Industries. Mlete chuma, atakiunga. Lakini kifaa chochote cha mawasiliano kikikwama, jibu ni moja: "Hii imekufa, nunua ingine." Imekufa? La hasha! Mara nyingi haijafa, haijaambiwa tu la kufanya.

Chukueni modemu. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Marekani ilitoa Smartmodem, ambayo ndani yake mlikuwa na rejista, yaani vijisanduku vya kumbukumbu vinavyotiwa namba. S0 ni idadi ya milio kabla modemu haijapokea simu. Ikiwa sifuri, hata mpige mpaka kesho, haipokei ng'o! S7 ni sekunde za kungoja mwenzake aitikie. S10 ni muda wa kuvumilia sauti ya mwenzake ikipotea, kwa sehemu za kumi za sekunde.

Jambo hili lina historia hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la ELCI jijini Nairobi lilipokezana barua za kompyuta na London kwa laini ya simu. Kwenye laini yenye kelele, S10 ikiwa ndogo, modemu hukata mazungumzo bure. Iongeze, na huenda mambo yakaenda sawa, tena bila kununua kitu.

Kuna watakaosema, "Hayo ni ya kale, bwana." Siyo! Moduli ya GSM kama SIM800, ambayo vijana huundia mitambo yao, bado hutii amri ileile: ATS0=2, nayo hupokea mlio wa pili.

Shida yetu ni kwamba twafundishwa kubonyeza, hatufundishwi kuuliza. Na kumbe modemu huulizwa! Andika ATS0? nayo itakutajia namba iliyomo. Kuuliza si ujinga. Nakili namba ya zamani kwanza, ndipo ubadilishe. Kisha AT&W ihifadhi, la sivyo umeme ukipotea modemu nyingi husahau yote.

Kwa hivyo napendekeza chama chetu kiandike mwongozo wa rejista hizi kwa Kiswahili sanifu, ukurasa mmoja tu, tuupeleke kwa mafundi wetu. Maelezo yake mengi yako kwa Kiingereza, na fundi asiyeyaelewa atazidi kututupia vifaa vizima. Je, lugha yetu ni ya mashairi na insha pekee? Naomba kutoa hoja.