Pole Si Samahani

Katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, upande wa bara wa Mombasa, neno "pole" husikika tangu alfajiri hadi usiku. Huambiwa mgonjwa, huambiwa aliyefiwa. Abiria akijikwaa kwenye kivuko cha Likoni, hata asiyemjua humwambia pole, ilhali hakumsukuma. Arudiye kazini naye hupokewa kwa "pole na kazi". Jibu lake ni "asante" au "nishapoa".

Jibu hilo la pili ndilo lifichualo kiini cha neno. Pole ina udugu na kupoa, kupoza na upole. Asemaye pole hutaka uchungu wa mwenzake upoe; hakiri kosa.

Kiingereza aghalabu hutumia neno moja kwa huruma na kwa toba, na mazoea hayo yameanza kupenya katika Kiswahili. Utingo amkanyagaye abiria, au karani apotezaye faili ya mtu, husema "pole" na kuendelea na shughuli zake. Wapo watakaodai kwamba lugha hukua na maneno hupanuka maana. Ni kweli, lakini hapa maana haipanuki, bali wajibu ndio unaopungua. Kiswahili kina "samahani", "nisamehe" na "niwie radhi". Maneno hayo humweka mkosaji mbele ya aliyemkosea na kumwachia huyu hiari ya kusamehe au kukataa. Pole haina hiari hiyo. Mwenye kuambiwa hujibu "asante", akawa aliyekosewa ndiye anayemshukuru mkosaji!

Uzito wa tofauti hii huonekana katika misiba mikubwa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, huko Likoni, na watu 272 wakafa. Jirani aliyekwenda matangani na pole yake alitimiza utu, kwani hakuwa na jingine la kutoa. Lakini katika msiba wa namna hiyo, mwenye dhamana ya chombo akisema pole peke yake, hujiweka miongoni mwa majirani, ilhali yeye ndiye wa kuulizwa.

Hivyo basi, walimu wa Kiswahili hawana budi kuifundisha mipaka ya maneno haya. Mstaarabu akimkanyaga mtu husema yote mawili: samahani kwa kosa lake, pole kwa maumivu ya mwenzake. La pili halilipi deni la la kwanza.