Mtoto Huyu ni wa Nani?

Hapana ubishi kwamba kumlea mtoto asiye na mlezi ni miongoni mwa matendo makubwa ambayo binadamu aweza kumtendea mwenziwe. Dini zetu zimelihimiza jambo hilo, mila zetu zimelitukuza, na wazee wetu walikwisha kusema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwa hiyo mume na mke wanaofunga safari kutoka Ulaya au Marekani, wakavuka bahari kuja Afrika kumwona mtoto wanayetarajia kumwasili, si haki kuwapokea kwa dhihaka wala kwa shuku tupu. Wengi wao huwa wamesubiri kwa miaka. Wamehojiwa na maofisa wa kwao, wamepimwa afya, na mapato na mwenendo wao vimechunguzwa. Mkononi wana picha ya mtoto, nayo wameitazama mara nyingi hata moyoni mwao wamekwisha kumwita mwana.

Hata hivyo, hapo ndipo ilipo hatari ambayo leo tunapenda kuizungumzia. Msafiri aliyekwisha kumpenda mtoto kabla hajamwona huwa na swali moja tu: je, nitamchukua lini? Mtoto naye ana haki ya kuulizwa swali jingine kwa niaba yake, na swali hilo ni lazima litangulie: mtoto huyu ni wa nani? Yu hai baba yake? Yu wapi mama? Yuko bibi, yuko shangazi, yuko mjomba? Swali hilo likijibiwa kwa ukweli, safari yaweza kuwa ya heri. Likirukwa, safari hiyo hiyo huwa wizi, hata kama msafiri mwenyewe hakukusudia kuiba.

Walioandika sheria za dunia kuhusu jambo hili waliliona hilo. Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei, 1993, unaohusu kuasili watoto baina ya nchi na nchi, umeweka utaratibu wenye mpango maalumu. Kwanza ithibitishwe kwamba mtoto anaweza kuasiliwa. Pili, nchi yake itafute kwa dhati malezi ya kumfaa humo humo ndani. Tatu, wanaopaswa kutoa ridhaa waitoe kwa hiari, kwa maandishi, baada ya kuelezwa matokeo yake, na bila ya kulipwa chochote. Na ridhaa ya mama, pale inapohitajiwa, itolewe baada ya mtoto kuzaliwa tu. Mpaka hayo yatimie, ibara ya 29 inakataza waombaji kuwasiliana na wazazi wa mtoto au mtu yeyote anayemtunza, isipokuwa kama ni watu wa ukoo mmoja au kama mamlaka husika imeweka masharti ya kukutana. Makusudio yake ni wazi. Mgeni mwenye uwezo akiisha kuketi mbele ya mama maskini, hata akinyamaza kimya, fedha yake inasema. Mkono mtupu haulambwi, na mwenye njaa anaujua mkono usio mtupu.

Tunao ushahidi wa yanayotokea utaratibu huo unapopuuzwa. Mwezi Oktoba, 2007, katika mji wa Abéché, nchini Chad, watu wa shirika la Kifaransa lililoitwa L'Arche de Zoé walikamatwa wakiwa tayari kuwapakia ndegeni watoto 103. Ilidaiwa kwamba hao ni mayatima wa vita vya Darfur. Huko Ufaransa, familia zilikuwa zinawangoja katika kiwanja cha ndege cha Vatry. Maofisa wa Umoja wa Mataifa na wa Msalaba Mwekundu walipowahoji watoto, ikaonekana kwamba walio wengi walikuwa raia wa Chad, na kwamba walikuwa wakiishi na baba au mama, au mtu mzima waliyemhesabu kuwa mzazi. Wazazi walieleza kwamba waliahidiwa shule. Mwezi Desemba mwaka ule mahakama ya N'Djamena iliwahukumu Wafaransa sita kifungo cha miaka minane na kazi ngumu, kisha mwezi Machi, 2008 wakasamehewa na Rais Idriss Déby. Wakubwa walikwenda zao, lakini watoto wale walikaa miezi mingi katika makao ya Abéché kabla ya kurudishwa makwao.

Wazazi hawa waliahidiwa shule. Neno hilo tunaomba lisipitwe upesi, kwa sababu ndani yake mna kiini cha jambo lote.

Katika jamii zetu, kumpa mtu mtoto amlee ni jambo la kawaida. Mtoto hupelekwa kwa shangazi mjini apate kusoma, hupelekwa kwa bibi amsaidie kazi za nyumbani, hupelekwa kwa mwalimu akafundishwe Kurani. Hukaa huko miaka mitano au kumi. Lakini jina lake ni lile lile, ukoo wake ni ule ule, na siku ya arusi au ya msiba hurudi kwao. Sheria za kuasili walizorithi wakoloni wetu kutoka kwao na kutuachia ni kitu kingine kabisa. Kwa sheria hizo, mzazi aliyemzaa mtoto huvuliwa haki zote, na mtoto huhesabiwa kana kwamba amezaliwa na wale waliomchukua. Sasa mzazi asiyejua kusoma akiulizwa kwa lugha yake kama amekubali mtoto wake alelewe na wageni, naye akajibu ndiyo, je, amekubali lipi kati ya hayo mawili?

Malawi ilikabiliwa na swali hilo mbele ya dunia nzima. Mwaka 2006 mwanamuziki wa Marekani, Madonna, alipopewa kibali cha muda cha kumchukua mtoto wa kiume kutoka makao ya watoto ya Mchinji, baba wa mtoto huyo alikuwa hai. Mama ndiye aliyefariki. Baada ya mtoto kuondoka, baba aliwaeleza waandishi wa habari kwamba yeye alidhani mwanawe anakwenda kutunzwa na kusomeshwa, kama alivyokuwa akitunzwa makaoni. Hatusemi kwamba mtoto yule alilelewa vibaya. Tunasema kwamba neno moja lilikuwa na maana mbili, na kwamba ilikuwa wajibu wa maofisa kuyatenganisha kabla ya ndege kuruka.

Jirani zetu wa Uganda nao walipatwa na makubwa zaidi. Sheria yao ya zamani ilimtaka mgeni akae nchini miaka mitatu kabla ya kuasili, lakini wengi walipita mlango wa nyuma kwa kuomba ulezi wa kisheria, wakaondoka na mtoto baada ya majuma machache. Mwaka 2016 mlango huo ulifungwa: ulezi ukawekwa kwa raia peke yao, na mgeni akatakiwa aishi Uganda mwaka mmoja na kumlea mtoto humo kwa mwaka mmoja. Mwezi Agosti, 2020, Serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, pamoja na wakili mmoja na mshirika wake, kwa tuhuma za mpango wa kuwatoa watoto vijijini. Kwa maelezo ya Serikali hiyo, wazazi walikuwa wameahidiwa kwamba watoto wao wanapelekwa Kampala kusoma. Hapa tena ni shule.

Wako watakaosema kwamba masharti magumu yanawaumiza watoto ambao kweli hawana mtu. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuipuuzi. Lakini historia inaonyesha kwamba kinachowaumiza zaidi watoto hao ni udanganyifu, kwa kuwa udanganyifu ukizidi, serikali hufunga mlango wote. Mwezi Septemba, 2013, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kuwatoa nchini watoto walioasiliwa. Wazazi waliokwisha kupewa hukumu ya mahakama walifika Kinshasa, wakawakumbatia watoto, kisha wakarudi kwao mikono mitupu, na wengi walingoja zaidi ya miaka miwili. Kenya nayo ilisimamisha utoaji wa watoto kwa wageni mwezi Novemba, 2014. Ethiopia, ambayo mwaka 2010 peke yake ilipeleka Marekani watoto zaidi ya 2,000, mwaka huo huo ilianza kuwataka wazazi wote wawili wafike mahakamani wenyewe na kumwona mtoto kabla ya hukumu, halafu warudi tena kumchukua. Hata safari mbili hazikutosha kuponya ugonjwa, na mwezi Januari, 2018 Bunge lake likapiga marufuku kabisa.

Kwa upande wetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka masharti ambayo baadhi ya wageni huyalalamikia. Mgeni sharti awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo, awe amemlea mtoto huyo kwa malezi ya kambo muda usiopungua miezi mitatu chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii, na iwe imeonekana kwamba mtoto hawezi kupata malezi ya kumfaa humu nchini. Sisi tunayaunga mkono masharti hayo, na sababu yetu ni mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka minne hamjui mtu kwa siku saba. Humwogopa kwanza, humlilia mlezi wake, hukataa chakula, kisha polepole huanza kuzoea sauti na mkono. Miezi hiyo humpa nafasi ya kumzoea mgeni akiwa bado yumo katika lugha yake, chakula chake na hali ya hewa yake. Na ile miaka mitatu humfundisha mgeni kuelewa mama anapozungumza, asitegemee mkalimani aliyelipwa na mtu mwingine.

Aidha, yafaa ikumbukwe kwamba kuasili si njia pekee ya kumsitiri mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 20, umetaja malezi ya kambo na umeitaja pia kafala ya sheria ya Kiislamu, ambayo humpa mtoto nyumba, chakula, elimu na mapenzi bila ya kumwondolea jina la baba yake. Nao Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika ibara ya 24, umesema kwamba kumpeleka mtoto nchi nyingine ni hatua ya mwisho. Hatua ya mwisho haina maana ya hatua iliyokatazwa. Maana yake ni kwamba zilizotangulia zimejaribiwa kweli kweli.

Basi kila mmoja ana wajibu wake. Msafiri adai kuona kwa macho yake kumbukumbu za ukoo wa mtoto, aulize ni nani aliyekwenda kijijini na lini, na akiambiwa kwamba mambo yamekwisha malizwa, asione haya kuuliza tena. Wenye makao ya watoto waache kuwapanga watoto mbele ya wageni kama bidhaa gengeni. Wenyeviti wa vijiji na watendaji wa kata wasitie sahihi barua ya kwamba mtoto ni yatima kwa kuambiwa tu, bali waite ukoo na waulize. Maofisa ustawi wa jamii wapewe usafiri, kwa maana ofisa asiyeweza kufika kijijini hawezi kulijibu swali letu.

Na sisi wananchi tusijitoe. Kama mama anamtoa mwanawe kwa kukosa karo na unga, basi amekosa karo na unga, hakukosa mapenzi. Apewe hivyo abaki na mwanawe. Na kama kweli mtoto hana mtu, ziko nyumba humu mikoani mwetu, zenye vitanda vitupu na mioyo iliyo tayari, ambazo zinaogopa maneno ya majirani tu. Maneno hayo tuyakomeshe. Nyumba hizo zikifunguliwa, watoto watakaohitaji kuvuka bahari watakuwa wachache, na kila atakayevuka atavuka akijua alikotoka, jina la mama yake, na sababu ya kuondoka kwake.