Koti la Mwalimu Lipimwe Mabegani

Wanafunzi wa vyuo vya ualimu wanapojiandaa kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, wazazi wengi hulazimika kuchimbua akiba ili mwana wao apate koti la suti. Sina ugomvi na desturi hiyo. Kinachonisikitisha ni kuwaona vijana hao wakisimama mbele ya darasa ndani ya makoti yaliyowameza hadi vidole. Ukiwauliza, watakwambia kwamba walichagua makubwa makusudi ili wawe huru. Dhana hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga.

Chanzo kimoja cha makosa ni nambari. Makoti mengi yanayouzwa Gikomba au Kongowea ni ya mitumba, nayo hutoka katika nchi zisizotumia kipimo kimoja. Koti lililoshonewa soko la Uingereza au Marekani huandikwa mzingo wa kifua kwa inchi: 38, 40, 42. La Italia au Ujerumani huandikwa nusu ya mzingo huo kwa sentimita. Mwalimu wa hisabati atatambua mara moja kwamba inchi 40 ni sentimita 101.6, na nusu yake inakaribia 50. Kwa hivyo 40 ya Mwingereza na 50 ya Mwitaliano ni kifua kile kile, ingawa kijana asiyejua huliacha la 50 akidhani limeshonewa pandikizi la mtu. Tena herufi S, R au L inayofuata nambari katika makoti ya Kiingereza hutaja kimo cha mvaaji, wala si unene wake.

Isitoshe, nambari hiyo ni ya kifua cha mtu, si ya kitambaa. Koti lenyewe likipimwa litazidi kwa inchi kadhaa, maana aliyelishona amekwisha kuacha nafasi ya kupumua. Anayejiongezea saizi mbili ili apumue amehesabu pumzi ile ile mara mbili.

Hata hivyo, nambari ikiwa sahihi bado haitoshi, kwa kuwa watu wawili wenye kifua kimoja huenda wasiwe na mabega mamoja. Koti hutundikwa mabegani. Mshono unaounganisha mkono na bega hauna budi kuishia pale mfupa wa bega unapokoma. Simama ubavu kwa ukuta: bega la koti likiugusa kabla ya mkono wako, limekuzidi. Ukosi wake nao ulale juu ya ukosi wa shati bila kuacha mwanya kisogoni. Mikono mirefu fundi ataipunguza, na kiuno kipana atakibana, lakini bega ni kazi ya kulifumua koti zima. Fundi mwaminifu atakushauri uliache. Urefu wa koti pia usiutegemee kupunguzwa, kwani mifuko itabaki karibu mno na pindo.

Sasa nije kwenye huo uhuru unaotajwa. Kazi ya mwalimu ni kuinua mkono. Wengi hudhani kwamba tundu la mkono likiwa pana na kushuka mbali na kwapa, mkono utatembea vizuri. Mambo ni kinyume kabisa. Tundu linaposhuka, mkono wa koti huwa umeunganishwa na ubavu, na mwalimu akiandika juu ya ubao hulibeba koti lote: pindo linapanda, ukosi unamfikia masikioni, na vijana wa nyuma wanapata la kuchekea. Tundu lililo karibu na kwapa, bila kukata, huuacha mkono uinuke huku koti likitulia. Ndiyo maana koti dogo lililokaa sawa huwa huru kuliko kubwa.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu hupimwa kwa somo, si kwa koti. Nakubaliana nao, na ndiyo sababu silitaki koti linalomkatiza somo kila anapoligeukia darasa. Wengine watasema mitumba haina uchaguzi. Huo ni uvivu, au labda ni haya ya kulijaribu koti mbele ya watu sokoni. Kwenye rundo moja mna makoti kumi ya saizi moja yenye mabega kumi tofauti.

Vyuo vyetu huwafundisha wanagenzi kuandaa mpango wa somo na kushika chaki. Wahadhiri wangewatengea pia saa moja, kabla ya pesa za mzazi kutoka mfukoni, wapimane vifua kwa utepe wawili wawili, wavae makoti ya wenzao waliotangulia, kisha kila mmoja aandike tarehe juu kabisa ya ubao huku wengine wakimtazama mgongoni.